Nimeokoka tangu 2009, nasali na kufunga, mbona amani ya moyo siioni?

Kiti_cha_Nyuma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Naomba kuuliza jambo ambalo nimeshindwa kumwuliza mchungaji wangu ana kwa ana, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Dar es Salaam, na ninachelea kwamba swali lenyewe litanifanya nionekane mtu asiyestahili kushika kapu la sadaka. Nina umri wa miaka 44. Nimezaliwa na kulelewa Marangu katika familia ya Kilutheri, nikapata kipaimara huko huko, kisha kazi ya uhasibu ikanileta mjini. Mwaka 2009 nilimpokea Yesu kwa dhati katika mkutano wa injili, na juu ya hilo sina shaka, maana miezi iliyofuata niliishi kama mtu aliyetuliwa mzigo baada ya kupanda nao mlima.

Tatizo langu ni la miaka hii minne. Ninalala saa 5 usiku, na ifikapo saa 8 macho yanafunguka yenyewe. Nasikiliza feni inavyokwaruza, namsikia mlinzi wa jirani akikohoa, kisha naanza kuhesabu mambo ambayo hata sijui ni kwa nini nayahesabu. Nikishindwa kabisa naenda sebuleni, nawasha simu na kufungua Yohana 14:27, pale Bwana anaposema, "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa." Nausoma mstari huo kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa nyumbani kwangu kwa makosa. Nimefunga siku 21 mara mbili. Nimekwenda kwenye mikesha, na watumishi watatu kwa nyakati tofauti wameniwekea mikono. Kila mara napata utulivu wa siku mbili au tatu, kisha hali inarudi kama ilivyokuwa.

Sina ninachokosa. Mke wangu ni mtu mwema, watoto wetu watatu wanasoma, na kazi ipo. Ni kweli kwamba yako mambo ya kawaida ya ukoo, kwa mfano mimi na kaka yangu mkubwa hatujasemezana tangu msiba wa baba mwaka 2021 kwa sababu ya kihamba, yaani shamba la ukoo la sisi Wachaga, lakini hayo yapo katika kila familia na nimekwisha kumwachia Mungu.

Swali langu ni hili: je, amani ya Kristo ni kitu ambacho mtu anakihisi moyoni, au ni kitu anachopaswa kuamini kwamba anacho hata asipokihisi? Na kama ni cha kuhisi, mimi nimekosea wapi? Naomba sana nisijibiwe kwamba niombe zaidi.

Mjoli

Amina, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu umri wako unalingana na wa kifungua mimba wangu. Mimi ni mwinjilisti mstaafu huku Kagera, na swali lako nimelisoma mara tatu kabla ya kuvaa miwani vizuri na kuanza kuandika.

Nianze na sehemu iliyo nyepesi. Mtume Paulo katika Warumi 5:1 anazungumzia amani kwa Mungu ambayo mtu anaipata kwa kuhesabiwa haki kwa njia ya imani. Hiyo haipandi wala kushuka pamoja na hali ya moyo. Ni suluhu iliyokwisha kufanyika baina ya pande mbili zilizokuwa na ugomvi, na inabaki kuwa suluhu hata usiku ambao mmoja wao hakupata usingizi. Wewe uliyekulia Ulutheri unajua habari za Martin Luther, aliyeingia utawani huko Erfurt mwaka 1505 akitafuta amani hiyo kwa kufunga, kukesha na kuungama saa nyingi, asiipate. Lakini watu wengi huishia hapo katika kusimulia, hawasemi kwamba mwaka 1527, miaka kumi baada ya zile hoja 95 na wakati tayari anaihubiri injili ya neema, aliangukiwa na dhiki kubwa ya roho iliyokaribia kumvunja. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukuambia kwamba kukosa usingizi ni ushahidi wa kutookoka.

Sasa nije kwenye sehemu nzito. Umeandika maneno mengi juu ya feni na mlinzi wa jirani, lakini kaka yako umempa sentensi moja tu, tena umeifunga haraka kwa kusema kwamba umemwachia Mungu. Unasema tatizo lina miaka minne. Tangu 2021 hadi leo ni miaka mingapi?

Wazazi wangu walikuwa watu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda, kwenye hospitali ya misheni alikokuwa daktari Joe Church pamoja na ndugu wa Uganda kama Blasio Kigozi, ukasambaa Uganda, ukaingia kwetu Bukoba na kufika Kenya. Siku hizi watu wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza, na ni wimbo mzuri, lakini nyumbani kwetu kilichosimuliwa zaidi ni habari za kurudisha vitu. Ndugu waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Baba yangu aliwahi kurudisha magunia mawili ya buni kwa mwenye ghala ambaye hakuwa hata na habari kwamba yalipungua. Aliyafunga kwenye baiskeli, mama akawa anatembea nyuma ameshika gunia la juu lisidondoke, na watu wa njiani wakawasalimu wakidhani wanapeleka kahawa sokoni. Mama alikuwa anasema kwamba aibu ya safari ile ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kuungama kanisani, kwa sababu kanisani unasema maneno tu, na pale walikuwa wanasukuma uzito.

Simaanishi kwamba wewe umeiba kitu. Sijui habari zenu. Ninachokijua ni Mathayo 5:23-24. Bwana hakusema, "ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako." Alisema, "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Mwenye neno ni kaka, na anayeambiwa aiache sadaka na kwenda ni wewe mwenye kapu mkononi. Katika maandiko hayo sioni nafasi ya kumwachia Mungu jambo ambalo Mungu amekuachia wewe.

Jeshi_la_Bwana

Ndugu yangu, mzee hapo juu amesema kwa hekima, lakini ameligusa tawi na kuacha shina. Kihamba ni mahali walipozikwa mababu zako, na yako maagano yaliyofanyika juu ya ardhi ile kabla hujazaliwa. Kinachokuamsha saa 8 ni madhabahu ya ukoo inayodai. Unahitaji maombi ya kufunguliwa yatakayofanywa na mtumishi mwenye upako wa jambo hilo, tena uyaambatanishe na sadaka ya kupanda mbegu, kwa sababu vita vya namna hii haviendi bure. Nitafute kwa faragha nikuelekeze.

Nesi_wa_Zamu

Kaka, habari za saa hizi. Nami pia niko macho, ila mimi nalipwa kwa kuwa macho.

Kwa heshima zote kwa mtumishi hapo juu, mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka minne hapaswi kuanza kwa kutoa fedha kwa mtu asiyemjua. Mimi ni muuguzi kwa mwaka wa 19 sasa na ni Mkristo. Naamini uponyaji, na nimeuona. Vilevile nimewaona waumini walioacha vidonge vyao kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, na nimewapokea tena wodini wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Naomba ujiulize mambo machache na ujijibu kwa uaminifu. Je, chakula kinakupitia? Je, yale uliyokuwa ukiyapenda, kama vile kwaya au mpira au kucheza na watoto, yamepoteza ladha? Je, unajiona mtu asiye na thamani, au umewahi kutamani usiamke kabisa? Hali ya namna hiyo ikidumu siku nyingi mfululizo kwa zaidi ya majuma mawili, sisi huanza kufikiria sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Tena kutoka usingizini usiku wa manane na kushindwa kulala tena ni mojawapo ya dalili zake. Inawezekana pia ni presha, au ni kahawa ya jioni, au ni simu yenyewe, maana ukiiwasha saa 8 hata kama ni kwa kusoma Injili ule mwanga unauambia mwili kwamba kumekucha. Tafuta Biblia ya karatasi na taa ndogo. Na kabla ya hayo yote, nenda ukapimwe.

Ninampenda Eliya wa 1 Wafalme 19 kwa sababu hiyo. Nabii aliyeshusha moto juu ya Karmeli anakwenda kujilaza chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimwandalia mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sauti ya utulivu, ndogo, aliisikia baadaye sana, akiwa amekwisha kula na kulala.

Mwalimu_Nakuru

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki na ni mwalimu wa Kiswahili hapa Nakuru, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na maneno yenyewe kabla sijafika kwenye swali la ndugu yetu.

Amani, imani na amana ni maneno ya tumbo moja. Yote matatu yametujia kutoka shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuwa salama na kuaminika. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaandikia ubaoni kwa mfuatano, kwa kuwa wamezoea kuiona amani kama hali ya kutulia tu, kumbe ni jirani wa karibu wa kile unachomkabidhi mtu akutunzie. Neno letu jingine, salama, ndilo ndugu wa shalom ya Kiebrania. Katika mafungo fulani padre alituonyesha jambo ambalo sijalisahau: katika Kutoka sura ya 22, palipoandikwa kwamba aliyeiba ng'ombe au kondoo atalipa, kitenzi cha kulipa katika Kiebrania kimetoka kwenye shina lile lile la shalom. Kulipa ni kuziba pengo ili kitu kiwe kizima tena. Mwebrania aliposikia amani, alisikia pia pengo lililozibwa.

Sasa juu ya kuhisi au kutohisi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, hapo awali alikuwa askari, na mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Alipokuwa amelala nyumbani akiuguza mguu, alikuwa na starehe mbili: kuwazia hadithi za mashujaa na mabibi wao, na kusoma maisha ya Kristo na ya watakatifu. Zote zilimfurahisha wakati huo. Tofauti aliigundua baadaye, kwamba ndoto za ushujaa zilipokwisha zilimwacha mkavu na mwenye kinyongo, na zile nyingine zilimwacha ametulia hata baada ya kufunga kitabu. Juu ya jambo hilo dogo ndipo alipojenga mafundisho yake yote ya kupambanua roho. Kwa hiyo hisia zina kazi yake, ila usiziulize wakati ule ule zinapowaka. Ziulize kesho yake. Ndugu yetu ametuambia kwamba utulivu wa mikesha unadumu siku mbili au tatu. Sisemi kwamba mikesha ni mibaya, nami huhudhuria. Nasema tu kwamba ametupa habari muhimu kuliko anavyodhani. Lipo pia agizo la Inyasi ambalo limeniokoa mimi mara nyingi: wakati wa ukiwa wa rohoni usibadili uamuzi ulioufanya wakati wa faraja. Kwa hiyo usiuache wokovu wa 2009 kwa sababu ya usiku wa 2025.

Nina neno moja la kutofautiana na Mzee Mjoli, na naomba anisamehe. Ninaogopa tukimwambia ndugu huyu aende kwa kaka yake ili apate usingizi, tutakuwa tumemgeuza kaka kuwa kidonge. Je, kaka akikataa kumpokea? Akimfukuza mbele ya watoto? Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye kwa miaka kadhaa aliwahi kufundisha Dodoma, alikimbia Uganda kwa miguu pamoja na mkewe mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi uchungu dhidi ya Idi Amin ulivyokuwa ukimla huko uhamishoni, hata siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, alipolisikia upya lile neno la Msalabani la "Baba, uwasamehe," na akamsamehe Amin. Amin hakuwa ameomba msamaha, na hakuna chochote nchini Uganda kilichokuwa kimebadilika asubuhi ile. Paulo ameiwekea amani ya watu mpaka wenye hekima: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wa kaka si wako. Nenda kwa sababu ni haki yake uende, hata kama saa 8 usiku utaendelea kuamka.

Mjoli

Mwalimu, nimesahihishwa, na nashukuru. Baba naye aliendelea kuwa mtu wa kukosa usingizi mpaka uzee wake. Hilo nililiruka katika kusimulia.

Kiti_cha_Nyuma

Ndugu zangu, nimekaa siku tisa bila kujibu. Dada Nesi, nilikwenda kupimwa, presha imekutwa juu na nimeanzishiwa dawa. Daktari ameniuliza maswali yale yale uliyoniuliza, na amenitaka nirudi baada ya mwezi mmoja.

Kilichoninyima amani siku hizi tisa ni ule mstari wa Mwalimu juu ya kulipa. Nitasema sasa lile ambalo sikulisema. Mapema mwaka 2021, baba alipokuwa hospitalini, tuliuza kipande cha kihamba cha kando ya barabara ili kulipia matibabu. Kaka alikuwa safarini kikazi, baba akaweka dole gumba, na mimi mwenye elimu ya hesabu nikashika fedha. Hospitali ililipwa yote, na jeneza na gari la kumpeleka nyumbani vikalipwa. Zikabaki shilingi 3,200,000. Nilijiambia kwamba ni za usumbufu wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala kwenye benchi la hospitali. Kaka alipoomba kuona hesabu siku ya matanga, nilisimama mbele ya wajomba nikamwuliza kama ananiita mwizi, na aliyenyamaza akawa yeye. Fedha zile zilimalizia bati za nyumba yangu. Feni ninayoisikia saa 8 usiku inaning'inia chini ya bati hizo.

Mke wangu nilimweleza juzi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza ni lini tunaanza kulipa.

Ninajiandaa kwenda nyumbani. Naomba ushauri wa jambo moja: je, ni sawa kwa Mkristo, tena mzee wa kanisa, kubeba isale kwenda kuomba msamaha, au niende na mchungaji na Biblia tu?

Bibi_wa_Mamba

Mwanangu, karibu nyumbani.

Kwa faida ya wasomaji wasio wa huku kwetu, isale ni lile jani refu la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Mtu aliyekosa akija ameshika isale, aliyekosewa anajua ni kwa ajili gani hata kabla hajasalimiwa, na kwa desturi yetu ni vigumu sana kulikataa. Vijana hudhani wamisionari walitukataza vitu vyote vya namna hii. Wengine walikataza. Lakini Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi huku hadi 1938, aliandika mengi ya kutetea vifungo vya ukoo na ujirani vya Wachaga, akiamini kwamba injili haina sababu ya kuvikata. Mimi ni wa Umoja wa Wanawake kanisani tangu ujana wangu, na nimeyaona masale mengi yakipita kwenye milango ya wazee wa kanisa. Jani haliabudiwi na mtu. Linasema kwa niaba ya mdomo ambao umeshindwa kufunguka.

Ila nakuonya jambo moja. Isale linamfunga anayelipokea, kwa hiyo ukilitanguliza bila fedha utakuwa umemlazimisha kaka yako asamehe deni ambalo bado umelishika mfukoni. Tanguliza hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi, ile ile aliyoiomba siku ya matanga. Halafu fedha. Isale liwe la mwisho, kwa ajili ya yale maneno uliyoyasema mbele ya wajomba, kwa kuwa hayo hayana bei. Na wajomba waliosikia wawepo. Mchungaji akitaka kuja na aje, ila asihubiri.

Jeshi_la_Bwana

Nasoma tu. Mungu akutangulie, ndugu.

Kiti_cha_Nyuma

Nimerudi jana. Naandika kwa kifupi.

Nilifika na mjomba mmoja; wa pili ni mgonjwa, wa tatu tulimzika mwaka jana. Kaka alikuwa anapogoa kahawa na hakuacha kazi mara moja. Nilimpa karatasi ya hesabu, akaisoma mstari kwa mstari huku akifuatisha kwa kidole, akafika kwenye ile 3,200,000 na kukaa hapo. Akasema kwamba yeye alikadiria 2,000,000. Nilimkabidhi 1,600,000 nilizokuwa nazo na kumwahidi nyingine kabla ya Krismasi. Kisha nikampa isale. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akalichomeka juu ya mlango wa jikoni, akanikaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo sikunywa kwa sababu ya dawa, na hatukukumbatiana. Mjomba ndiye aliyesali. Alisali Sala ya Bwana, na alipofika kwenye "utusamehe deni zetu" kaka alikohoa. Sijui kama alikusudia.

Mchungaji wangu hapa mjini nimemweleza yote na nimemwomba nipumzike kushika kapu mpaka nimalize kulipa. Alikubali. Nilitegemea angenipa pole, badala yake amenipa kazi ya kupanga viti kabla ya ibada ya kwanza.

Mwalimu alisema nisimfanye kaka kidonge, na ni kweli, kwa kuwa usiku wa kuamkia leo niliamka tena saa 8. Sikuhesabu kitu. Nilisikiliza feni kidogo, nikawaza kwamba inahitaji kutiwa mafuta, na nadhani nililala kabla ya saa 9.

Kaka amesema fedha zilizobaki nisizitume kwa simu. Atakuja kuzichukua mwenyewe mwezi wa 12. Hajawahi kufika kwangu tangu nijenge. Mke wangu ameshaanza kuuliza atalala chumba gani.